Herufi nyeupe za matairi huharibika kwa sababu zinazojulikana

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie herufi nyeupe zinazowekwa ubavuni mwa matairi ya magari ya kasi. Urembo huu unapendwa, na mimi naupenda. Gari lililoinama chini, lenye rimu nyeusi na jina jeupe linalozunguka ubavuni mwa tairi, linavutia hata likiwa limesimama. Kinachonisukuma kuandika ni ushauri unaotembea midomoni mwa watu, kwamba chukua kalamu yoyote ya rangi nyeupe, pitisha juu ya maandishi ya tairi, kazi imekwisha. Wiki chache baadaye rangi imegeuka kahawia na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka, na mwenye gari anailaumu kalamu. Upo ushauri mwingine ulio mbaya zaidi: eti ukisugua ubavu kwa msasa utaukuta mpira mweupe ndani. Huo unaweza kuua mtu.

Mpira wa asili si mweusi. Matairi ya zamani kabisa yalikuwa meupemeupe kwa sababu ya oksidi ya zinki iliyochanganywa humo. Weusi uliingia mwanzoni mwa karne ya 20 masizi ya kaboni yalipoanza kutumika, na hayakutiwa kwa ajili ya sura. Masizi huupa mpira nguvu ya kuhimili msuguano na huukinga na jua. Mbali na masizi, ubavu wa tairi una nta na kemikali za kupambana na ozoni (gesi ya hewani inayopasua mpira), inayotumika sana ikiwa ile iitwayo 6PPD. Vitu hivi havitulii mahali pamoja. Vimewekwa kwa makusudi ili visafiri polepole kutoka ndani ya mpira hadi juu na kutandaza utando mwembamba wa kinga. Ukahawia unaouona kwenye tairi lililokaa muda bila kuoshwa ndio huo. Kwa tairi ni ngao. Kwa rangi nyeupe ni adui mara mbili: kwanza huizuia isishike, halafu hupenya ndani yake na kuitia doa kutoka chini. Ndiyo maana rangi huharibika hata kwenye gari lisilopita matopeni.

Jambo la pili ni kujikunja. Chukua tairi la 245/40R18, yaani lenye upana wa milimita 245 na rimu ya inchi 18, ambalo ni la kawaida kwa magari ya aina hii. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 40 ya milimita 245, yaani milimita 98, na kipenyo cha tairi zima ni kama milimita 653. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 13 kila sekunde. Katika kila mzunguko, kila sehemu ya ubavu hupita chini, hukandamizwa na uzito wa gari, hutuna, kisha hurudi ilivyokuwa. Safari ya saa moja ni mikunjo zaidi ya 48,000. Rangi ya chuma, rangi ya kucha na rangi za kupuliza za kopo hukauka zikawa ngumu kama ganda la yai. Mpira ukivutika, zenyewe hupasuka. Tena gurudumu hurusha vitu nje. Katikati ya ubavu wa tairi hilo, kwa mwendo huohuo, herufi ya mpira yenye gramu moja huvutwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 205. Mwendo ukifika kilomita 200 nguvu hiyo huwa mara nne, zaidi ya gramu 800. Ukingo wa herufi uliolegea milimita mbili tu hapo hauna maisha.

Herufi nyeupe za kiwandani, zile zilizopata umaarufu kwenye magari yenye injini kubwa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, ni kitu kingine kabisa. Kiwandani hutandikwa tabaka la mpira mweupe ndani ya ubavu, likakingwa na tabaka jingine lisilopitisha madoa kutoka kwenye mpira mweusi, kisha yote yakafunikwa kwa ngozi nyembamba nyeusi. Tairi likitoka kwenye kalibu, mashine husaga ngozi ile juu ya herufi zilizoinuka peke yake, na weupe ukatokea. Kwa hiyo weupe ule ni mpira mzima, haumenyeki. Tairi ambalo halikujengwa hivyo halina weupe wowote ndani. Ukilisugua utapata mpira mweusi, na ukiendelea utazikuta nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazoshikilia upepo na kubeba gari, na kinachozifunika ubavuni ni milimita chache za mpira. Ubavu uliojeruhiwa hadi kwenye nyuzi hauzibwi, tairi hutupwa.

Wapo wanaoamua kununua matairi yenye herufi nyeupe za kiwandani na kuyatoa yale ya kasi. Hao waangalie kwanza herufi ya mwendo inayofuata namba ya uzito: S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. BFGoodrich Radial T/A, ambalo labda ndilo tairi la herufi nyeupe linalojulikana kuliko yote, kwa saizi zake nyingi ni S. Ni tairi zuri kwa gari la zamani. Gari lililotoka kiwandani na matairi ya Y halipaswi kuvalishwa hilo kwa ajili ya sura.

Na matairi ya Formula 1 yasitumiwe kama kipimo. Pirelli, ambayo ndiyo inayoyatoa kwa timu zote tangu 2011, huyapaka rangi ubavuni ili watu watambue aina ya mpira: nyeupe kwa mgumu, njano kwa wa kati, nyekundu kwa laini, kijani na bluu kwa barabara yenye maji. Mbio nzima huwa kilomita 305 hivi, na tairi moja mara nyingi halimalizi hata hizo. Rangi yake haihitaji kuishi miezi sita ya jua, vumbi na sabuni.

Basi mwenye gari ana njia mbili za halali: kupaka rangi inayonyumbulika, au kubandika herufi za mpira. Msimamo wangu ni huu. Kama unataka kuonyesha jina la tairi ambalo tayari limeinuka ubavuni, paka rangi, ukikubali kwamba kila baada ya miezi michache utarudia. Kama unataka neno lako mwenyewe au herufi kubwa, bandika mpira. Stika za plastiki ya kawaida sizipendekezi kwa namna yoyote. Plastiki ikivutika hairudi, inabaki na mawimbi, maji yanaingia chini, na imekwisha.

Herufi za mpira nazo hutofautiana sana. Nzuri zimetengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao huhimili ozoni bila kuhitaji zile kemikali za kahawia, hivyo haujitii madoa wenyewe. Ichukue herufi moja, ikunje hadi ncha zikutane, uishike hivyo kwa dakika nzima, kisha uiachie. Ikibaki na mkunjo au mistari ya nyufa, usiiweke kwenye gari. Unene wa milimita moja hadi moja na nusu unatosha. Nene kuliko hapo huongeza uzito na hufanya ukingo mrefu wa kukamatwa na brashi, ukingo wa barabara na maji ya presha.

Sasa maandalizi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana sehemu kubwa ya kazi zinazoharibika huharibikia hapa kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa. Gurudumu lifunguliwe na lilazwe mezani, uso juu, likiwa na upepo wake wa kawaida. Likibaki kwenye gari lililokanyaga chini, ubavu wa upande wa chini umetuna, na herufi utakayoiweka hapo itakuwa imebandikwa juu ya mpira uliovutika. Gari likisogea, mpira unajikusanya na herufi inaanza kuinuka katikati. Kama huwezi kulitoa gurudumu, basi angalau linyanyuliwe, gari likae juu ya stendi imara na si juu ya jeki peke yake.

Kabla ya maji, kagua. Tafuta uvimbe, mchubuko wenye kina, nyufa ndogondogo zinazofuata duara, na usome tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Michelin inashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama bado linaonekana zima. Tairi lililochoka halipambwi. Pambo juu yake hufunika nyufa ambazo jicho lilipaswa kuziona.

Tairi jipya lina mabaki ya dawa inayopakwa kwenye kalibu ili lisinate, na dawa hiyo mara nyingi ina silikoni. Ni bora liendeshwe kilomita 300 hadi 500 kwanza. Kisha lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ngumu ya nailoni. Rudia mara mbili au tatu, mpaka povu litoke jeupe na si kahawia. Maji hayo machafu yasimwagwe kwenye mto au mtaro unaoelekea huko. Watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba 6PPD ikikutana na ozoni huzaa kitu kinachowaua samaki wa aina ya coho. Tairi likikauka, dondosha tone la maji mahali herufi zitakapokaa. Likijikunja kuwa duara kama maji juu ya jani la mgomba, silikoni bado ipo, hasa kama gari limekuwa likipakwa mafuta ya kung'arisha matairi. Rudi kwenye sabuni. Tone likitandaa, endelea.

Msasa una kazi yake hapa, ila ndogo. Tumia namba 120, kwa mkono na kamwe si kwa mashine, mahali pale tu herufi zitakapokaa, na lengo ni kuondoa mng'ao wa juu ili rangi au gundi ipate pa kushika. Mipitisho sita au saba inatosha. Vumbi jeusi likianza kujaa umezidisha. Wengine husaga jina la kiwanda lililoinuka ili wapate uwanja tambarare wa kubandika neno lao. Mimi sikubaliani nalo, kwa sababu mkono huteleza na hakuna anayeona kina alichofika. Afadhali tafuta sehemu iliyo wazi, hata kama itakubidi upunguze saizi ya herufi.

Baada ya msasa, pangusa kwa kitambaa cheupe kilicholowa spiriti kidogo, ukibadilisha upande wa kitambaa hadi kitoke safi. Mwisho pitisha asetoni, pia kidogo, kuelekea upande mmoja, na uiache ipeperuke dakika kumi. Vaa glavu, fungua madirisha, pasiwe na moto karibu. Petroli, mafuta ya taa, dizeli na thina visiguse tairi. Huuvimbisha mpira, huvuta nje kemikali zinazoulinda, na huacha mafuta ambayo hayaonekani kwa macho lakini yanatosha kuikataza gundi. Kuanzia hapo usiguse eneo hilo kwa kidole kitupu.

Upimaji unahitaji utulivu. Kwenye tairi letu la mfano, ubavu una milimita 98, lakini upande wa rimu kuna ukingo wa kuilinda rimu, na upande wa juu kuna bega linalopinda kuelekea kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Acha milimita 25 hadi 30 kila upande. Zinabaki 38 hadi 48, kwa hiyo herufi za milimita 25 hadi 32 hukaa vizuri bila kugusa sehemu inayojikunja sana. Kwa 255/30R19 ubavu wote ni milimita 76 na nusu, na herufi zaidi ya milimita 20 hapo ni kujitafutia shida.

Duara la katikati ya ubavu wa tairi la 245/40R18 lina urefu wa milimita 1,744 hivi. Neno la herufi saba, kila moja na upana wa milimita 30, pamoja na nafasi sita za milimita 8, huchukua milimita 258, sawa na digrii 53 za duara. Weka maneno mawili, moja usawa wa valvu na jingine upande ulio mkabala kabisa. Chora mstari wa chini kwa chaki, ukipima kutoka ukingo wa rimu katika sehemu nane au zaidi na kuziunganisha. Usipime kutoka kwenye maandishi ya tairi, maana hayakupangwa kwa ajili yako. Anza na herufi ya katikati ya neno, kisha nenda kushoto na kulia kwa zamu. Anayeanza na herufi ya kwanza humaliza neno likiwa limeegemea upande mmoja. Na kama matairi ya mbele na ya nyuma yana saizi tofauti, pima upya kwa kila ekseli. Kiolezo kilichokatwa kwa mpindo wa inchi 18 hakikai sawa kwenye inchi 20.

Valvu na upande wa pili haukuchaguliwa kwa urembo tu. Neno moja la herufi saba zenye gramu moja kila moja, likiwa limekaa katikati ya ubavu, lina athari ya uzito wa gramu 8 na nusu uliofungwa kwenye ukingo wa rimu. Vizito vya kubalansi kwa kawaida hupanda kwa gramu 5, kwa hiyo huo ni mtikisiko unaoweza kuusikia kwenye usukani. Maneno mawili yanayolingana, yakikaa mkabala, hufutana. Hata hivyo peleka magurudumu yakabalansiwe upya gundi ikishakauka.

Gundi ya kubandikia iwe ile ya papo hapo, lakini aina iliyochanganywa na mpira ili inyumbulike, ambayo mara nyingi huwa nyeusi. Gundi ya kawaida ya papo hapo hukauka ikawa kama kioo, na huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Gari linalopigishwa breki kali mfululizo halihitaji safari ndefu kuikaribia hali hiyo. Kwa herufi 56, yaani maneno mawili ya herufi saba kwa magurudumu manne, chupa ya gramu 20 inatosha. Iliyokaa zaidi ya mwaka au iliyoanza kuwa nzito itupe. Tandaza mstari mwembamba milimita mbili kutoka ukingoni kuzunguka herufi yote, na mstari mwingine katikati. Iweke mara moja bila kuisogeza, ikandamize kwa kidole gumba sekunde 30, kisha pitisha rola ndogo. Gundi ikifurika pembeni, ifute upesi kwa kitambaa kikavu. Ikibaki kidogo, weusi wake unapotea kwenye weusi wa tairi. Usipulize dawa ya kuharakisha. Inaifanya gundi iwe ya kuvunjika na huacha ukungu mweupe. Ukungu kama huo hutokea pia siku yenye unyevu mwingi, kwa kuwa gundi hii hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa. Joto la nyuzi 15 hadi 30, kivulini, ndilo zuri.

Kwa upande wa rangi, tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya mpira au inanyumbulika. Kalamu za rangi za mafuta hushika vizuri siku ya kwanza, lakini huwa ngumu na za njano mapema kuliko nyingine. Mililita 15 zinatosha magurudumu manne na kubaki. Tabaka la kwanza liwe jembamba hata weusi uonekane chini yake, na hapa ndipo mkono unapokosa subira. Mtu akiona kijivu huongeza rangi hapohapo. Tabaka nene hukauka ngozi ya juu huku ndani ni bichi, na gari likitembea ngozi ile hukatika. Paka matabaka matatu au manne, ukisubiri nusu saa kati ya moja na jingine. Herufi zilizoinuka zipakwe kwa rola ndogo ya sponji iliyokamuliwa vizuri, igusie kilele tu, wala huhitaji tepu. Herufi zilizozama zijazwe kwa brashi ya milimita 5, kisha kinachofurika kifutwe kwa kadi ngumu iliyoviringishiwa kitambaa chenye spiriti. Herufi zenye mistari midogo ya mkwaruzo, ambazo matairi mengi ya kasi sasa yanazo, zipakwe kwa kufuata mistari. Ukikatiza, rangi hukaa juu ya vilele na mabonde hubaki meusi. Penye tepu ya karatasi, ibandue tabaka la mwisho likiwa bado na ubichi kidogo, vinginevyo itaondoka na ukingo. Na kiolezo kikatwe mezani. Wembe ukikatia juu ya tairi unaacha mfereji ambao mikunjo ile 48,000 ya kila saa itaupanua.

Njia zote mbili zinahitaji saa 24 bila gari kutembea na siku tatu bila kuoshwa.

Yapo maandishi ya tairi ambayo hayafunikwi kwa rangi wala mpira: saizi, namba ya uzito na herufi ya mwendo, mstari wa DOT, alama ya E ndani ya duara, kikomo cha upepo, mshale wa mzunguko, na neno linaloonyesha upande wa nje. Kwenye 245/40R18 97Y, hiyo 97 inasema tairi hubeba kilo 730. Mkaguzi, fundi na mnunuzi wa baadaye wote wana haki ya kusoma hilo. Kumbuka pia kwamba tairi lenye mshale haliwezi kuhamishiwa upande wa pili wa gari bila kung'olewa kwenye rimu na kugeuzwa, na likigeuzwa hivyo maandishi yako yataangalia ndani.

Baada ya hapo ni matunzo. Osha herufi kila wiki kwa sabuni laini na brashi laini. Doa la kahawia likianza, sponji nyeupe ya melamini hulitoa likiwa bado changa, ila itumie kwa upole kwa sababu inakwangua. Mashine ya presha ikae angalau nusu mita mbali, maji yaelekee katikati ya herufi na si ukingoni. Mafuta ya kung'arisha matairi yenye silikoni au petroli yaachwe kabisa, maana huingia chini ya herufi na kuilegeza gundi, halafu hupaka weusi juu ya weupe. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi na kupata joto zaidi, na herufi ndizo zitakazokuwa za kwanza kukuambia.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, pitisha ukucha kuzunguka kila herufi. Ukingo ulioachia milimita chache unaweza kusafishwa kwa asetoni na kugundishwa tena. Ulioachia nusu ya herufi usiokolewe: pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, vuta polepole kuanzia pembeni, toa mabaki ya gundi kwa asetoni, na uanze upya. Usitie kisu chini yake.

Nina ombi kwako, Mhariri, na kwa waandishi wa kurasa zako za magari. Mnapochapisha picha za magari yaliyopambwa hivi, mtaje njia iliyotumika na umri wa kazi hiyo, kwa sababu picha ya siku ya kwanza haimwambii msomaji chochote. Na wauzaji wa herufi hizi waulizwe mambo mawili ambayo pakiti nyingi hazisemi: zimetengenezwa kwa mpira gani, na gundi iliyomo ndani yake ilitengenezwa lini.

Wako,
Fundi wa matairi na msomaji wa gazeti hili